Mkono Kifuani

Faida za mchezo wa matufe nazijua zote, na sikuzisoma popote. Nilihubiriwa mezani kwangu, asubuhi na jioni, na mwanamume ambaye kabla ya hapo ungekaa naye saa nzima usipate kwake hata neno moja. Mchezo unanyoosha mgongo. Mchezo unalainisha magoti. Mchezo unashusha presha, unaleta usingizi, unafungua mapafu. Nami namsikiliza nimeshika tama, najiuliza kama huu ni mchezo au dawa ya kuuzwa stendi.

Mchezo wenyewe ukiuona utacheka. Watu wazima wenye wajukuu wamevaa nyeupe kuanzia kofia hadi soksi, wamesimama kwenye kiwanja cha nyasi zilizonyolewa kama kidevu cha bwana harusi, wanabingirisha matufe meusi kukifuata kijitufe kimoja cheupe kilichowekwa mbali huko. Tufe lako likikaa karibu na kijitufe kuliko la mpinzani, umepata. Basi, ni hilo tu. Hakuna kukimbia, hakuna kuruka, hakuna hata kutoka jasho la maana. Siku ya kwanza kuelezwa niliuliza kama huo ndio mchezo wenyewe au bado wanapasha misuli.

Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha mbao maisha yake yote, kwenye mashine kubwa ya kuranda, ndiyo maana mtaa mzima humwita Mzee Randa. Alipostaafu alikuja nyumbani akakaa. Mimi ni fundi cherehani, chumba cha mbele ndicho karakana yangu, na yeye alichagua kiti cha dirishani akakifanya mali yake. Mwanzoni nilifurahi. Nilijisemea, sasa tutapiga gumzo mpaka tuchoke, maana miaka yote ya kiwanda tulikuwa tunaonana kama wapangaji wa nyumba moja.

Gumzo gani? Nimsemeshe nimeinamia kitambaa, kimya. Nimuulize tupike nini, macho dirishani. Nimsimulie vituko vya mteja aliyeagiza gauni la mwili wake wa zamani, yeye anatikisa kichwa kwa huzuni pale ambapo mtu mwenye akili zake angecheka. Binti yetu anafanya kazi mji mwingine, na alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Baba yake anapokea, anasema haya, vizuri, ongea na mama yako, kisha ananipa simu kama anayepitisha chumvi. Ikafika mahali binti akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna kosa amemfanyia baba. Nikamwambia hapana, ni uzee tu. Sikumwambia kwamba swali hilohilo nilikuwa najiuliza mimi, kila siku, cherehani ikienda.

Niseme wazi, nilidhani amenichoka. Watu huchokana, si ajabu, nimeshona magauni ya harusi ambayo yamedumu kuliko ndoa zenyewe. Lakini sikutarajia kwamba zamu yangu ingefika wakati huu, mtu ameshazeeka na mimi, ameshakula ujana wangu wote. Na mimi nikiumia sinyamazi. Nikazidi kusema, yeye akazidi kutia pamba masikioni, nyumba ikawa na redio moja na ukuta mmoja.

Aliyeleta habari za matufe ni daktari wa presha. Alimwambia akiendelea kukaa kwenye kile kiti atageuka mto, na kwamba nyuma ya maktaba kuna klabu ya wastaafu, mchezo mwepesi, hauumizi mtu. Mzee alikwenda kesho yake peke yake. Nadhani alikwenda kunikimbia mimi.

Akarudi mtu mwingine. Haikuchukua muda alikuwa anapiga mluzi akifunga kamba za viatu. Alilala vizuri, na alipolala alikoroma kwa fahari. Tumbo likaanza kurudi ndani mpaka ikabidi nimpunguzie suruali kiunoni, na hapo ndipo mahubiri yalipoanza. Faida hii, faida ile, Sista kasema hivi, Sista kasema vile. Nilipouliza Sista ni nani, nimeinamia ile suruali, aliendelea kunieleza habari za magoti. Nikauliza tena. Akaniambia nyasi za mle ndani hukatwa kila asubuhi.

Hapo yakanifika kooni. Ukimya nilikuwa nimeanza kuuzoea, unaweza kumsamehe mtu aliyeishiwa maneno. Lakini huyu maneno alikuwa nayo, tena ya kumwaga, ila hakutaka ya kwangu. Ananihubiria halafu hajibu swali. Na huyu Sista anayesema na kusikilizwa ni nani hasa?

Siku moja nikajifanya napeleka pazia la maktaba nililokuwa nimeshona. Nikazunguka nyuma, nikapata tundu kwenye ua wa michongoma, nikachungulia. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye kimkeka cha mpira upande wa karibu, tufe mkononi. Upande wa pili kabisa, mbali, alisimama mwanamke wa makamo, kofia pana nyeupe, mgongo umenyooka kama rula. Yule mwanamke akanyoosha kidole kushoto. Akatanua mikono kidogo. Mume wangu akaachia tufe, likaenda likakaa. Ndipo mwanamke akaweka kiganja kifuani, hapa, juu ya moyo, akimtazama mume wangu usoni. Na mume wangu, yule ukuta wangu wa dirishani, akacheka meno yote nje.

Pazia sikumbuki nilimkabidhi nani.

Nilifika nyumbani nimevimba, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nikakosa la kusema. Mimi nikikosa la kusema huwa nafanya usafi. Nikasugua masufuria, nikasugua sinki, nikafuta hata juu ya kabati ambako hakuna mgeni atakayefika. Kisha jicho likaangukia mkoba wa matufe. Yalikuwa manne, makuukuu, klabu ilimpa, yamechakaa, na kila moja lilikuwa limebandikwa kikaratasi chekundu upande mmoja, kimekunjamana kwa uchafu. Nikasema, kama anakwenda kuchekeana na wanawake wenye kofia, basi aende na matufe yanayong'aa, wajue kwamba huyu ana mwenyewe nyumbani. Nikayatia kwenye beseni la maji ya sabuni. Vile vikaratasi vilinisumbua sana, nikavimaliza kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Nikapaka rangi ya viatu, nikayang'arisha mpaka ningeweza kujiona ndani yake nilivyonuna.

Jumamosi yake klabu yao ilicheza na klabu ya ng'ambo ya mto. Mzee hakunialika, nami sikungoja kualikwa. Nilivaa gauni langu la bluu, lile nililolishona kwa kitambaa ambacho mteja alishindwa kukilipia, nikafika nikakaa kwenye benchi, nyuma tu ya ule mkeka wanakosimama wachezaji. Mwenye kofia akaniona, akaja moja kwa moja. Nikajiandaa.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alisema hatimaye dada amekuja, kwamba wamechoka kuambiwa habari za fundi bila kumwona, kwamba Mzee hawezi kupumzika kati ya mchezo na mchezo bila kuwaambia mke wangu kashona hiki, mke wangu kashona kile. Yeye alikuwa muuguzi zamani, jina la Sista limemganda tangu wodini, na sasa ndiye nahodha. Mimi niliyekuja na maneno yamepangwa mdomoni kama pini, nikabaki nasema asante, asante.

Akanieleza na mchezo wenyewe, kwa haraka, kwa sababu walikuwa wanaanza. Tufe la mchezo huu, alisema, halikuumbwa kwenda moja kwa moja. Lina upande mmoja mzito, na likipoteza kasi linapinda kuelekea upande huo. Kwa hiyo mchezaji lazima ajue upande mzito uko mkono gani kabla hajaliachia. Matufe mapya yana alama ya kuchongwa. Ya Mzee ni ya zamani, alama zimefutika, ndiyo maana wamembandikia karatasi nyekundu.

Nikafungua mdomo nimwambie, lakini alikuwa ameshageuka anatembea kwenda upande wa pili, kule anakosimama nahodha. Na mume wangu alikuwa ameshapanda mkekani, tufe linalong'aa mkononi, analigeuza geuza, anatafuta kitu ambacho nilikuwa nimekitupa kwenye pipa la taka.

Nikamwita. "Baba, subiri." Hakugeuka. Nikaita tena kwa sauti ile ninayotumia kuita watu waliosahau nguo zao kwangu. Benchi zima liligeuka. Wapinzani waligeuka. Mtu aliyekuwa anapita njia nje ya ua aligeuka. Mume wangu akainama, akaachia tufe.

Lilianza safari vizuri. Kisha badala ya kupinda kwenda kwenye kijitufe, likapinda kwenda zake, likavuka njia ya jirani, likapita katikati ya mabwana wawili waliokuwa wanacheza mchezo wao kwa amani, likatumbukia kwenye mtaro wa ukingoni mwa kiwanja. Watu wakavunjika mbavu. Mzee akakuna kichwa, akachukua la pili, akalishika vilevile. Sasa tulikuwa tunapiga kelele wengi. Geuza, geuza tufe, upande siyo. Mimi nimesimama, mikono mdomoni, nadhani hata ng'ambo ya mto walinisikia.

Na hapo ndipo nikaangalia mgongo wake.

Migongo ndiyo kazi yangu. Nimepima migongo kuliko daktari yeyote. Mtu akikupuuza, mgongo wake unajua; mabega yanapanda, shingo inakaza, unaiona hata kwenye utepe wa kupimia. Mume wangu mabega yalikuwa yameshuka, shingo laini, mtu aliyetulia mwenyewe asubuhi yenye ukimya. Sisi wote tunapiga mayowe nyuma yake, naye yuko kwenye ukimya. Hakuwa anajifanya. Kelele zetu zilikuwa hazimfikii kabisa.

Kule mbali Sista akainua kiganja kimoja. Mzee akasimama hapohapo. Sista akaugeuza mkono, kiganja juu, kiganja chini, polepole. Mzee akatazama tufe, akaligeuza, akaachia. Likaenda pana, kama linapotea, kisha likarudi taratibu likipinda mpaka likakaa pembeni ya kijitufe, karibu kiasi kwamba usingepitisha kidole. Sista akaweka mkono kifuani.

Bwana mmoja mwenye mkongojo, jirani yangu kwenye benchi, akanieleza bila kuulizwa. Alisema hapa mtu akiwa mkekani haoni vizuri kule mbele, na hawezi kusikia kwa umbali ule, kwa hiyo nahodha anamwambia kila kitu kwa mikono. Mkono kifuani maana yake tufe lililo karibu zaidi ni letu.

Nikakaa. Nililia pale pale, na nitakuambia kilichonitoa machozi, ingawa si cha kujivunia. Nililia kwa furaha. Mume wangu amekuwa kiziwi, na mimi nimekaa hapo nashukuru, maana hakuwa amenichoka.

Walifungwa, kwa tufe lile la mtaroni. Njia nzima ya kurudi nyumbani alilalamika kuhusu mtu asiye na kazi aliyebandua karatasi zake, nami nikatembea mbele yake kidogo, nikageuza uso ili anione, nikatikisa kichwa kwa masikitiko, kwamba kweli dunia ina watu.

Nyumbani nilimkalisha kwenye kiti chake, nikavuta stuli yangu mpaka magoti yetu yakagusana. Nikamuuliza tangu lini. Sikupaza sauti, nilisema taratibu, mdomo wazi, na nikaona macho yake yameshuka kwenye midomo yangu. Kumbe ndivyo alivyokuwa anaishi, kwa kukamata maneno mdomoni mwangu pale nilipomgeukia, na mimi kutwa nzima nimempa mgongo, nimeinamia cherehani.

Akapangusa magoti ya suruali yake nyeupe. Kisha akasema ni ile mashine. Sikio moja liliondoka akiwa bado kazini, la pili likafuata polepole. Kiwandani aliyesema hasikii aliondolewa kwenye mashine akapewa ufagio, kwa hiyo alijifunza kutosema. Kwenye simu hakupata hata kidogo, hakuna mdomo wa kuutazama, ndiyo maana alikuwa anaogopa Jumapili.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Mimi nitakupa ufagio?"

"Wewe ungenipigia kelele," akasema. "Kila ukiniita, mtaa mzima ungejua mume wako hasikii."

Nilitaka kubisha. Nikakumbuka sauti yangu ya asubuhi ile, na yule mpita njia, nikaona ana haki.

"Kule kiwanjani hakuna anayemsikia mwenzake," akasema. "Wote wanatumia mikono. Nikiwa kule, na mimi ni kama wao."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa faida ya mchezo, na katika mahubiri yake yote hakuwahi kuitaja. Magoti nilihubiriwa. Mapafu nilihubiriwa. Hili la kuwa kama watu wengine kwa saa chache za siku alikuwa amelificha kwangu mimi, mke wake. Niliona uchungu, na niliona huruma, na nikamshika mikono ile iliyokwaruzwa na mbao nikashindwa kuiachia.

Kesho yake nilisogeza cherehani. Ilikuwa inatazama ukuta, kwa ajili ya swichi ya umeme. Nikanunua waya mrefu, nikaigeuza itazame dirishani. Sasa nikiinua macho namwona, naye ananiona. Tulimweleza binti, akalia kwenye simu, akatukana kiwanda, kisha akaanza kupiga simu ya video. Anaweka uso karibu na kioo mpaka tunaona pua tu, na baba yake anamjibu, tena anajibu kirefu, mimi ndiye sasa nangoja zamu ya kupewa simu. Daktari wa masikio naye alimpa kidude cha kuvaa. Anakivaa akitaka. Anasema kikiwa ndani, cherehani yangu ina kelele kuliko kiwanda kizima, na mwenye cherehani zaidi.

Matufe niliyabandika karatasi mpya. Nyekundu sikupata, nilikata utepe wa waridi uliobaki kwenye gauni la msimamizi wa harusi, na klabu nzima wakamtania mwezi mzima. Sista akasema kama nina mikono ya kukata utepe nina mikono ya kuongoza mchezo. Nikamwambia mimi siwezi kusimama kwenye jua kutazama watu wakibingirisha vitu. Wiki iliyofuata nilikuwa nimejishonea sketi nyeupe.

Sasa siku za mazoezi mimi ndiye nahodha wake. Nasimama kule mbali karibu na kijitufe, yeye yuko mkekani, kati yetu nyasi tupu, na naweza kumwambia lolote bila kufungua mdomo. Watu wa mtaani hawaamini. Kidole kushoto. Mikono nikiitanua, umepungukiwa mwendo kidogo. Kiganja juu, tulia, usiwe na haraka, hakuna anayekukimbiza. Magoti yangu, nakiri, yamelainika, na usingizi ninao, lakini usimwambie.

Juzi tulicheza na wale wale wa ng'ambo ya mto, na Sista akaniachia unahodha. Mzee alibakiwa na tufe la mwisho. Akaniangalia kutoka kule, kope zimekunjwa kwa jua, ananiuliza kwa kidevu hali ikoje. Nikatazama chini. Tufe la karibu kabisa lilikuwa la wapinzani, halina ubishi, hata mtoto angeliona. Nikainua macho nikamwona amesimama pale na soksi zake nyeupe, anangoja neno langu, hana wasiwasi wowote kwamba nitampa. Nikaweka mkono kifuani.

Akakunja uso. Akaacha mkeka, akatembea njia yote ile mpaka nilipo, akainama, akatazama.

"Mbona hili ni lao?" akasema.

"Najua," nikamwambia, taratibu, mdomo wazi.

Sista kutoka benchi akanionya kwamba nahodha hadanganyi mchezaji wake. Mkono sikuutoa. Mzee akanitazama, akautazama mkono, akanitazama tena, na masikio yake yale yasiyo na kazi yakawa mekundu. Akarudi mkekani kwa mwendo wake wa polepole. Alipofika akageuka, akaweka wake kifuani, mbele ya klabu mbili. Kisha akaachia tufe, likaenda moja kwa moja mtaroni, tukafungwa.